Kitanda Usichokilalia: Nani Apime Kazi ya Mpasuaji wa Uso?

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaitumia methali hiyo katika jambo ambalo wengi hudhani si la kwetu, nalo ni upasuaji wa kurekebisha uso. Tukisikia maneno hayo, mara moja tunawafikiria waigizaji wa sinema wa Marekani wanaokunjua ngozi ya mashavu ili waonekane vijana. Kumbe katika parokia zetu wapo watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka. Wapo akina mama walioungua kwa moto wa jiko, vijana wa bodaboda waliovunjika taya na pua barabarani, na watu waliomwagiwa tindikali. Na siku hizi wapo pia vijana wetu wa mijini wanaoziona nyuso zilizotengenezwa katika simu zao, wakaanza kuuliza bei.

Wote hao, mgonjwa na mpenda urembo, hulala juu ya meza ileile na kupasuliwa kwa kisu kilekile. Nyuzi zikishatolewa, huja swali moja: je, kazi imefaulu? Kwa kawaida anayejibu ni daktari. Hutazama kovu, huona kidonda kimefunga, huandika katika faili kwamba hali ni nzuri, na mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani. Maoni yangu ni kwamba jibu hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine anayo mwenye uso, naye hajaulizwa. Hospitali zetu, na hasa zile zilizo chini ya Kanisa, zinapaswa kumwuliza kwa utaratibu na kuandika anachosema, kama zinavyoandika joto la mwili na uzito wa mtoto.

Neno "plastiki" lisitutishe

Tuondoe kwanza hofu moja. Watu husikia "upasuaji wa plastiki" wakadhani daktari anaingiza mwilini kitu cha aina ya ndoo au chupa ya soda. Sivyo. Neno hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kufinyanga. Mfinyanzi huupa udongo umbo, na daktari wa aina hii huipa ngozi, nyama na mfupa umbo lililopotea au ambalo halikupatikana tangu kuzaliwa. Kazi hiyo ni ya kale. Huko India, miaka mingi kabla ya hospitali za leo kuwapo, waganga walikuwa wakiwatengenezea pua watu waliokatwa pua kwa adhabu, kwa kutumia kipande cha ngozi ya shavu au ya paji la uso. Mwaka 1597 Gaspare Tagliacozzi, daktari wa Bologna nchini Italia, alitoa kitabu kizima juu ya kutengeneza pua kwa ngozi ya mkono.

Lakini kazi hiyo ilikua hasa kwa sababu ya vita. Mwaka 1917 ilifunguliwa hospitali ya majeruhi wa uso huko Sidcup, Uingereza, chini ya daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand. Askari waliletwa kutoka mitaro ya vita bila taya, bila pua, bila kope. Zaidi ya majeruhi 5,000 walitibiwa hapo. Dawa za kuua vijidudu kama penisilini zilikuwa hazijapatikana bado, na kipande cha ngozi kilichohamishwa mara nyingi kilioza. Gillies akakikata kipande cha ngozi bila kukitenga kabisa na mwili. Kingo zake alizishona pamoja kikawa kama mrija, damu ikaendelea kupita ndani na uchafu ukabaki nje. Baada ya wiki kadhaa ncha moja ilihamishiwa usoni, ikashika, ndipo ile ncha nyingine ikakatwa.

Hiyo ilikuwa kazi kubwa. Hata hivyo katika wodi za hospitali ile vioo vilikatazwa, na kando ya barabara iliyoelekea hospitalini viliwekwa viti vilivyopakwa rangi ya buluu. Mwenyeji akikiona kiti cha buluu alijua kwamba anayekalia huenda uso wake utamshtua. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Ndani ya hospitali daktari alikuwa na michoro na picha za kuonyesha jinsi kazi ilivyoendelea. Nje, mgonjwa alikutana na watu wanaogeuza macho. Picha ya daktari haikuweza kumpima kwa jambo hilo la pili.

Aliyelielewa vizuri ni binamu yake Gillies, daktari Archibald McIndoe, aliyewatibu marubani walioungua katika vita ya pili ya dunia huko East Grinstead. Pamoja na kuwapasua, aliwaomba wenyeji wa mji ule wawakaribishe vijana hao majumbani na madukani bila kuwakodolea macho. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe wakaanzisha chama chao, wakajiita "Guinea Pig Club", yaani chama cha wanyama wa kufanyiwa majaribio. Wanachama wake walifika 649. Kwa mzaha huo waliweza kusema wazi, wao kwa wao, lipi limewafaa na lipi halijawafaa.

Huenda msomaji anajiuliza habari hizi za Uingereza zinatuhusu nini. Zinatuhusu sana. Mwanafunzi mmoja wa McIndoe, daktari Michael Wood, alikuja kufanya kazi Afrika Mashariki. Yeye, McIndoe mwenyewe na Mmarekani Tom Rees, wote watatu wapasuaji wa aina hii, ndio walioanzisha mwaka 1957 shirika tunalolijua kama AMREF, lenye madaktari wanaokwenda vijijini kwa ndege. Kwa hiyo ndege ile iliyotua katika viwanja vya nyasi vya misioni nyingi ilizaliwa na watu waliokuwa mafundi wa nyuso.

Mbinu zenyewe kwa ufupi

Ili tuweze kupima, ni lazima tujue kinachofanyika.

Mdomo uliopasuka. Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mdomo uliopasuka, au kaakaa iliyo wazi, au vyote viwili. Si laana, wala si kosa la mama kwa kutazama kitu fulani alipokuwa mjamzito. Mdomo kwa kawaida hushonwa mtoto akiwa na miezi mitatu hivi au zaidi, akiwa ameongezeka uzito na damu yake inatosha. Mbinu inayotumiwa sana ni ile iliyoelezwa mwaka 1955 na Mmarekani Ralph Millard, ambaye naye alifanya kazi na Gillies. Daktari huushusha upande wa mdomo ulio mfupi, huusogeza ule mwingine kujaza nafasi, na kovu hufuata mfereji wa kawaida ulio chini ya pua. Kaakaa hufungwa baadaye, mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, ili mtoto aweze kutamka maneno vizuri. Watoto wenye kaakaa iliyo wazi huweza pia kujaa maji masikioni na kusikia kwa shida, kwa hiyo masikio nayo yapimwe.

Makovu ya moto na ajali. Ngozi iliyoungua hujivuta inapopona. Kope ikivutwa chini, jicho halifungi, hukauka na linaweza kupofuka. Hapo daktari hukata kovu na kuziba nafasi kwa ngozi iliyotolewa sehemu nyingine. Kwa uso hupendelea ngozi ya nyuma ya sikio au ya juu ya mtulinga, kwa sababu rangi yake hukaribiana na ya uso.

Upasuaji wa urembo. Ngozi ya uso iliyolegea hufunguliwa kwa kukatwa mbele na nyuma ya sikio, kisha huvutwa. Zamani ilivutwa ngozi peke yake na ililegea tena. Tangu Wafaransa Mitz na Peyronie walipoeleza mwaka 1976 tabaka la nyuzi lililo chini ya ngozi, madaktari hukaza tabaka hilo kwanza. Pua hupunguzwa au kunyooshwa kwa kupasua kupitia ndani ya matundu yake, jambo lililosogezwa mbele sana na Jacques Joseph wa Berlin. Kope zilizojaa hupunguzwa, masikio yaliyotokeza hurudishwa nyuma. Ziko pia sindano. Ya kwanza hulegeza misuli ili mikunjo ipotee, nayo nguvu yake huisha baada ya miezi mitatu au minne. Ya pili hujaza mashimo na midomo.

Kila mbinu ina hatari yake. Damu inaweza kukusanyika chini ya ngozi. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso ukijeruhiwa, mdomo huenda upande. Kwa mvuta sigara, ngozi iliyofunguliwa inaweza kufa. Sindano ya kujaza ikiingia katika mshipa wa damu inaweza kuua ngozi, hata kupofusha jicho. Kwa hiyo si kazi ya saluni. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari yetu ya ziada, nayo ni kovu linalonenepa na kuvimba kupita mipaka ya kidonda. Mtu ambaye kovu la chanjo au tundu la hereni limewahi kumvimba hivyo na amwambie daktari kabla hajaguswa uso.

"Asante daktari" si kipimo

Sasa tuje kwenye kiini. Muuguzi akimwuliza mgonjwa wetu, "Unaendeleaje?", atajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Daktari akimwuliza, "Umeridhika?", atajibu, "Asante sana daktari, Mungu akubariki." Tumelelewa hivyo, na ni malezi mema. Aliyekutibu humkosoi mbele ya macho yake, hasa kama amekutibu bure, na hasa kama utarudi kwake kesho. Lakini shukrani ni kitu kimoja na kuridhika ni kingine. Mtu aweza kumshukuru fundi kwa jasho lake huku mlango aliomtengenezea haufungi.

Chukua mfano wa mtoto aliyeshonwa mdomo. Kidonda kimepona vizuri na picha ya kabla na baada yaonyesha tofauti ya usiku na mchana. Mzazi analia kwa furaha. Miaka saba baadaye mtoto huyo yuko darasa la kwanza. Sauti inatokea puani, wenzake hawamwelewi, mwalimu hamchagui kusoma, naye ameanza kujificha nyuma ya darasa. Katika kitabu cha hospitali mtoto huyu ni mmoja wa waliofaulu. Katika maisha yake, kazi imebaki nusu. Angeulizwa, angesema. Pengine mwalimu wa matamshi au upasuaji mdogo wa pili ungemsaidia, lakini hakuna anayejua kwamba anahitaji.

Au chukua mfano wa pili, wa kinyume chake. Mama aliyeungua ana kovu ambalo daktari analiona baya bado na anataka kumpasua mara ya nne. Mama mwenyewe jicho lake linafunga, anakula, anauza sokoni, anaimba kwaya. Amechoka na kulala wodini mbali na watoto wake. Kwa rula ya daktari kazi haijaisha, lakini kwa moyo wa mama imekwisha. Naye akiulizwa angesema, na angeokolewa kisu kisicho na lazima.

Ndiyo maana nasema kipimo cha daktari peke yake hukosea pande zote mbili. Mara husema "tayari" kabla ya wakati, mara husema "bado" baada ya wakati kupita.

Vipimo vipo

Wako watakaosema kwamba kuridhika ni jambo la moyoni, halipimiki. Lakini maumivu nayo ni ya moyoni na ya mwilini, na tumezoea kumwomba mgonjwa ayape alama kutoka 0 hadi 10. Kwa uso vipimo vya namna hiyo vimeshatengenezwa.

Mwaka 2000 daktari Ramsey Alsarraf wa Marekani alitoa hojaji fupi kwa waliopasuliwa pua, yenye maswali 6 tu. Huuliza kama mtu anapenda sura ya pua yake, kama anapumua vizuri, kama ndugu na rafiki wanaipenda, kama pua inamzuia kujumuika au kufanya kazi, kama anaamini imefikia uzuri wake, na kama angetaka kuibadilisha. Kila jibu lina alama 0 hadi 4, jumla 24. Jumla hiyo hugeuzwa kuwa sehemu ya 100. Mtu aliyekuwa na alama 6 kabla ya kupasuliwa alikuwa na 25 kwa 100. Akipata 18 baadaye, amefika 75. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi inatosha.

Baadaye zikaja hojaji zilizotungwa kwa uangalifu zaidi, kama FACE-Q kwa upasuaji wa uso na CLEFT-Q kwa waliozaliwa na mdomo au kaakaa iliyopasuka. Watunzi wake walianza kwa kukaa na wagonjwa na kusikiliza maneno yao, kisha wakayageuza kuwa maswali. CLEFT-Q ilijaribiwa kwa watoto na vijana 2,434 katika nchi 12, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Huuliza juu ya sura ya mdomo, pua, meno na kovu, na pia juu ya kula na kunywa, kusema, shule, marafiki na furaha. Anayejibu ni mtoto mwenyewe kuanzia miaka 8.

Hata hivyo karatasi nzuri ikitumiwa vibaya hudanganya. Yako mambo manne ya kuzingatia. La kwanza, mtu aulizwe kabla ya upasuaji na aulizwe tena baada yake, maana bila alama ya mwanzo ile ya mwisho haina maana. La pili, asiulizwe mapema mno. Uvimbe wa pua huchukua miezi mingi kwisha, na kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima au zaidi. La tatu, asiulizwe na aliyempasua. La nne, wahesabiwe pia wasiorudi. Hospitali ikipasua watu 100, wakarudi 40, na 36 kati yao wakasema wameridhika, mtu mwepesi atatangaza kwamba 90 kwa 100 wameridhika. Ukweli ni kwamba tunajua habari za 40. Wale 60 wasiorudi huenda walikosa nauli, huenda wamepona, au huenda wamekasirika. Hatujui mpaka tuwatafute.

Kwa sababu hiyo nazitazama kwa shukrani na kwa tahadhari kambi za upasuaji zinazokuja kwa wiki moja na kuondoka. Zimewarudishia tabasamu watoto wengi. Shirika la Operation Smile, kwa mfano, lilianza mwaka 1982 na kufika Kenya mwaka 1987. Lakini kovu hukua pamoja na mtoto, na ndege ikishaondoka nani atalitazama? Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, lilichagua njia ya kuwafundisha na kuwawezesha madaktari wa nchi husika ili mtoto awe na mahali pa kurudi. Mimi naona njia hiyo ndiyo inayokubaliana na kupima, maana humpimi mtu usiyekutana naye tena.

Mizani ya uso wa nani?

Liko jambo jingine la kutuamsha. Kwa miaka mingi vitabu vya upasuaji vilitumia kanuni za wachoraji wa kale wa Ulaya: uso ugawanyike mafungu matatu yaliyo sawa, na upana wa pua uwe sawa na nafasi iliyo kati ya macho mawili. Mwaka 1985 Leslie Farkas wa Kanada na wenzake walipima nyuso za vijana Wazungu wa Amerika Kaskazini na kuona kwamba wengi wao hawafuati kanuni hizo. Ikiwa rula ile haiwatoshi Wazungu wenyewe, pua ya Mnyamwezi, ya Mkikuyu au ya Mmakonde itakuwa imeshindwa mtihani tangu siku ya kuzaliwa. Daktari akitumia rula hiyo atamwambia binti mzima kwamba ana kasoro. Kumwuliza mwenye uso ni njia ya kuitupa rula ya kuazima.

Vijana wetu na urembo

Hapa baadhi ya wazazi watauliza: kama kuridhika kwa mtu ndicho kipimo, basi kila atakayetaka pua mpya apewe? La hasha. Kupima kuridhika kunatuonyesha pia upasuaji usiofaa kufanyika.

Daktari Maxwell Maltz wa New York, mpasuaji wa miaka mingi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba baadhi ya watu aliowarekebisha vizuri kabisa waliendelea kujiona wabaya kama zamani. Leo tunajua kwamba uko ugonjwa wa akili unaomfanya mtu achukie sehemu ya umbo lake kwa kasoro ndogo ambayo wengine hawaioni. Hukaa mbele ya kioo kwa saa nyingi, au huvikimbia vioo vyote. Huwapata takriban watu 2 kwa 100, na kati ya wanaotafuta upasuaji wa urembo huonekana zaidi. Kisu mara chache huwasaidia. Pua ikitengenezwa, chuki huhamia kidevuni. Wanachohitaji ni mshauri na daktari wa akili. Hojaji inayojazwa kabla ya upasuaji huweza kumtambua mtu kama huyo mapema, kabla hajauza shamba.

Kanisa nalo lilishasema juu ya jambo hili. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufa kwake, Papa Pius XII alizungumza na wapasuaji wa aina hii wa Italia. Alikubali kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa si jema lililo kuu. Aliona upasuaji huo waweza kuwa halali nia ikiwa njema, afya isipotiwa katika hatari kubwa, na sababu zikiwa za maana. Aliukataa pale unapotafutwa kwa ajili ya kuwanasa wengine katika dhambi, au kwa ajili ya kumficha mhalifu. Kwa hiyo kijana anayetaka masikio yake yarudishwe kwa sababu anataniwa asiambiwe upesi kwamba ana majivuno. Na anayetaka uso wa mtu aliyemwona katika simu asipelekwe upesi hospitalini. Wote wawili waulizwe kwanza, tena kwa upole.

Pingamizi za hospitali

Nawasikia wauguzi wetu wakisema: tuna wagonjwa 60 kwa zamu, mnatuletea karatasi nyingine? Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini hatuhitaji kuanza na maswali 50. Maswali sita yanatosha: unaionaje sura yako, unakula na kunywa bila shida, watu wanakuelewa unaposema, kovu linakuuma au kukuwasha, kuna mahali unaogopa kwenda kwa sababu ya uso wako, na ungependa tukusaidie nini tena. Asiyejua kusoma asomewe, lakini si na daktari wake. Katekista, mwalimu au mjumbe wa jumuiya ndogondogo aliyefundishwa kutunza siri aweza kufanya kazi hiyo kijijini, na hivyo tukawapata hata wale wasio na nauli ya kurudi.

Wengine watasema kwamba mgonjwa hajui udaktari. Kweli, hajui. Daktari ndiye ajuaye kama mshipa umeunganishwa sawasawa na kama kidonda kina usaha. Hatumwondoi katika kiti chake, tunamwongezea mwenzake.

Ufanye nini wewe mzazi

Kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji wa uso, uliza, maana kuuliza si ujinga. Uliza kama daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na kama amesomea kazi hii hasa. Uliza ameshafanya upasuaji wa namna hiyo kwa watu wangapi, na anajuaje kwamba waliridhika. Akikuonyesha picha nzuri tatu, mwulize habari za wengine. Uliza kitakachotokea kovu likivimba, na nani atalipa upasuaji wa pili. Uliza utarudi lini, hata kama kidonda kimepona. Sema wazi dawa unazotumia, na usifiche krimu za kujichubua, maana nyingi zina dawa zinazoidhoofisha ngozi ikashindwa kupona vizuri.

Na baada ya upasuaji, usimalizie kwenye "asante". Shukuru, kisha sema ukweli. Kama mtoto anatokwa na chai puani anapokunywa, sema. Kama anataniwa shuleni, sema. Na mtoto mwenyewe mwulizeni, msimjibie. Tumezoea kuwasemea watoto mbele ya daktari kana kwamba hawamo chumbani, na kumbe uso ni wao, ndio watakaoishi nao miaka 60 au 70 ijayo.

Daktari mwema hatachukia kuambiwa. Atakayechukia amejipima mwenyewe, na alama yake tumeijua.